Safari ya Njombe Ihesabiwe kwa Saa

MTU akiitandaza ramani ya Tanzania mezani, akaiweka ncha moja ya uzi juu ya Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, na ncha ya pili juu ya uwanja mdogo wa ndege wa Njombe, atapata mstari wenye urefu wa kilomita zipatazo 600. Mstari huo huingia bara kwenye pwani ya Bagamoyo, hupita kusini ya milima ya Uluguru, huvuka Kidatu na bonde la Kilombero, kisha hupanda hadi kwenye nyanda za juu ambako mji wa Njombe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400, kama zile za Shirika la Ndege Tanzania, ingeweza kuumaliza mwendo huo kwa muda wa saa moja na robo hivi. Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan, ambayo watu wa Visiwani wanaijua vizuri, ingechukua muda wa saa mbili hivi.

Hizo ni hesabu za angani, na hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni na wale wanaozichukua hesabu hizo wakazitia katika mipango kana kwamba ndizo safari za wananchi. Ofisa aliyeketi Vuga au Dodoma huona kilomita 600 zimeandikwa kwenye karatasi, akaamini kwamba Njombe ni jirani. Mwananchi anayekwenda huko anajua kwamba si jirani hata kidogo.

Hebu tumfuate mfanyabiashara wa soko la Mwanakwerekwe anayekwenda kutafuta viazi mviringo, ambavyo sisi Unguja tunaviita mbatata. Asubuhi huingia kwenye boti, na baada ya muda wa saa mbili hivi yuko Dar es Salaam. Kutoka bandarini hana budi kuukata mji mzima, pamoja na foleni zake, hadi kwenye Stendi ya Mabasi ya Magufuli kule Mbezi, iliyofunguliwa mwaka 2021. Hapo mbele yake ziko kilomita zipatazo 700 za barabara. Kwa kuwa basi haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hata lingekwenda bila kusimama mahali popote lingetumia karibu muda wa saa tisa. Lakini husimama. Hupunguza mwendo katika kila kijiji, hupita polepole katika Hifadhi ya Mikumi kwa ajili ya wanyama, hupimwa uzito kwenye mizani, hupanda mlima Kitonga wenye kona kali ambako lori moja likiharibika msululu mzima husubiri, kisha hupita Iringa na Mafinga hadi kufika Makambako. Makambako nako si mwisho. Basi huiacha barabara ya Mbeya, hushika ya Songea, na huenda kilomita nyingine zipatazo 60 ndipo Njombe ionekane. Muda wa saa 12 hadi 14 kutoka Dar es Salaam ni jambo la kawaida. Ukijumlisha bahari, foleni na usiku wa kulala njiani, safari inakuwa ya siku mbili. Mwenzetu wa Pemba sharti aanze mapema zaidi, na ndugu zetu wa Mafia wanaovukia Nyamisati wana hesabu yao wenyewe.

Sasa tulinganishe. Kutoka Unguja hadi Muscat ni kilomita zipatazo 3,900, yaani zaidi ya mara sita ya umbali wa Njombe. Ndege ikiruka moja kwa moja, msafiri hufika huko kwa muda wa saa tano na nusu hivi. Anaweza kuondoka nyumbani kwake Mji Mkongwe baada ya chai ya asubuhi na akalala Muscat usiku ule ule, wakati aliyekwenda Njombe bado anatafuta nyumba ya wageni Dar es Salaam. Hatusemi hivi kwa kuionea wivu Muscat, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa. Tunasema ili ijulikane kwamba umbali kati ya watu haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa njia iliyopo, kwa ratiba, na kwa fedha zilizomo mfukoni.

Zipo sababu za kihistoria za hali hii, na ni vema zikumbukwe ili lawama isiwekwe mahali pasipostahili. Njia kuu zilizokatiza nyanda za juu za kusini zilikusudiwa kuwavusha watu na mali kwenda mbali. Mwaka 1932, ndege za Shirika la Imperial Airways zilizobeba barua kati ya London na Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya, na Njombe ikabaki kando. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa uongo mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango wa bahari usiopita mikononi mwa makaburu. Ndipo lilipojengwa bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968. Ndipo ilipoimarishwa barabara kuu ya kwenda Zambia. Na ndipo ilipojengwa, kwa msaada wa ndugu zetu wa China, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kazi hizo zilikuwa za ukombozi na tutaziheshimu daima. Reli na barabara hiyo zikakutana Makambako, na katikati ya miaka ya 1980 barabara ya lami ikakamilika kutoka hapo hadi Songea kupitia Njombe. Makambako ikawa njia panda ya kusini yote. Lakini njia panda ni mahali pa kupita, na mahali pa kupita hapapati faida kamili mpaka watu wapange kwa makusudi kusimama hapo, kuhifadhi mali hapo na kubadilishia vyombo hapo.

Hasara ya kutohesabu saa inaonekana kwanza sokoni. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ni ghala la viazi mviringo, mahindi, maharage, kabichi, karoti, chai, mbao na, katika miaka ya karibuni, maparachichi. Visiwa vyetu vina ardhi ndogo na watu wengi, na sehemu kubwa ya vyakula hivyo tunaipata kutoka Bara. Mbao haziozi njiani, na mahindi yaliyokauka huvumilia. Karoti, kabichi na parachichi havivumilii. Kila muda wa saa moja unaopotea juani kwenye foleni ya mizani, kwenye uwanja wa kushushia mizigo Dar es Salaam, au kando ya gati kwa kungoja meli, unapunguza uzito na ubora wa mali, na kinachopungua hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Mama anayenunua kilo moja ya mbatata pale Darajani hulipia pia zile zilizotupwa kabla hazijafika.

Wala mkulima wa Njombe hafaidiki na bei hiyo. Kwa kuwa safari ni ndefu na nauli ya mzigo mara nyingi huhesabiwa kwa gunia, mchuuzi hujitahidi gunia lake libebe kupita kiasi, nalo hushonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Serikali imeikataza, na ambayo Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana nayo mwaka hadi mwaka. Tunaunga mkono mapambano hayo kwa dhati. Lakini tunathubutu kusema kwamba ugumu wa safari ni mmoja wa wazazi wa lumbesa. Safari ikiwa fupi, ya uhakika na ya kulipiwa kwa kilo, kishawishi cha kumpunja mkulima kitapungua chenyewe, na kazi ya wakaguzi itakuwa nyepesi.

Hasara ya pili ni ya kiutu, nayo haina bei. Wako watumishi wa umma, walimu, askari na wanafunzi kutoka Unguja na Pemba ambao kazi au masomo yamewafikisha kusini, kama walivyo vijana wa Njombe na Makambako wanaofanya kazi katika mahoteli na majengo ya Visiwani. Desturi yetu Visiwani ni kumzika maiti mapema, mara nyingi siku ile ile. Mtumishi aliyeko Njombe akipigiwa simu alfajiri kwamba mzazi wake amefariki dunia Wete, hata angeacha kila kitu akaenda mbio, atakuta kaburi limeshafukiwa na matanga yamekaribia kuondolewa. Hali kadhalika mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya mkoa kwenda Muhimbili hubebwa kwa barabara ile ile ya Kitonga na Mikumi, akihesabu saa ambazo ramani haikuziandika. Msafiri masikini ajapokuwa sultani, walisema wazee wetu. Na aliye na msiba au maradhi ni masikini zaidi ya wote.

Tunajua jibu litakalotolewa. Itasemwa kwamba nyanda za juu za kusini hazikosi viwanja vya ndege: upo wa Songwe karibu na Mbeya, uliofunguliwa mwaka 2012, upo wa Nduli kule Iringa, na upo wa Songea ambao umefanyiwa matengenezo makubwa. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini hebu litazamwe kwa kipimo tunachokipendekeza. Mji wa Njombe uko katikati ya viwanja hivyo vitatu, na kutoka hapo hadi kila kimoja ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Anayeruka kutoka Unguja hubadilisha ndege Dar es Salaam, husubiri, huruka tena kwa zaidi ya muda wa saa moja, kisha hutafuta gari kwa safari ya muda wa saa nne au zaidi. Amelipa nauli ya ndege, na siku nzima imekwisha vile vile. Ratiba ya ndege huhesabu muda tangu chombo kinapoondoka kwenye maegesho hadi kinaposimama tena. Saa za kabla na za baada ya hapo ni juu ya msafiri mwenyewe, na ndizo zilizo nyingi.

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono kwamba uwanja wa Njombe ujengwe uweze kupokea ndege kubwa kuliko zile ndogo ulizozizoea. Hata hivyo, tunawakumbusha wahusika kwamba uwanja wa milimani si sawa na wa pwani. Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa. Kanuni ya wahandisi wa viwanja, inayotumiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ni kuongeza urefu wa njia ya kurukia kwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa mwinuko wa Njombe, ndege inayohitaji mita 1,400 pwani itahitaji kiasi cha mita 2,000 huko, kabla ya kutia hesabu ya joto na mteremko. Baridi ya Njombe husaidia kidogo, lakini ukungu wake hausaidii. Uwanja utakaojengwa mfupi ili kuokoa fedha utakuwa umezitupa fedha zote.

Tena tusiusahau msiba wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakapoteza maisha. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na kuokoa. Sisi tuliowazika ndugu zetu wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 tunaijua hali hiyo. Uwanja wa ndege ni zaidi ya lami. Ni vyombo vya kupimia hali ya hewa, taa, mawasiliano, gari la zimamoto na watu waliofunzwa kuokoa. Afadhali safari ya siku mbili inayofika kuliko ya muda wa saa moja isiyofika.

Wakati huo huo, hatupendi wananchi wala viongozi watekwe na fahari ya ndege. Ndege itambeba mgonjwa, mfiwa, mtaalamu na mzigo mwepesi wenye thamani kubwa. Haitabeba mbatata. Caravan moja hubeba kiasi cha tani moja tu, wakati lori la trela hubeba karibu tani 30, na behewa la reli linaweza kubeba zaidi ya hapo. Na hapa ndipo ramani inapotufundisha jambo ambalo wengi hawaliangalii. Ule uzi tuliouvuta kutoka Unguja hadi Njombe unapita Kidatu, jirani na Ifakara na Mlimba. Hiyo ndiyo njia ya TAZARA. Barabara huzunguka kaskazini kupitia Iringa, lakini reli hufuata bonde la Kilombero na kupanda ukuta wa milima kwa mahandaki na madaraja hadi Makambako, karibu sawa na mapito ya ndege. Waliojenga reli katika miaka ya 1970 walikwisha kutuchorea njia fupi. Kilichobaki ni kuitumia.

Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Ni habari njema. Lakini tunahofia jambo moja: kwamba katika mazungumzo ya shaba na bandari, gunia la mbatata la Makambako litasahauliwa, na treni zitapita hapo kwa kasi kubwa kuliko zamani bila kusimama. Reli ya ukombozi haina budi kuwa pia reli ya mkulima. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Yasiyosemwa sasa wakati mipango inaandikwa hayatasikilizwa baadaye.

Tunatoa, basi, mapendekezo manne kwa Serikali zetu mbili. Kwanza, kila andiko la mpango wa usafiri lieleze muda wa safari kamili, kutoka mlangoni kwa msafiri hadi mlangoni anakokwenda, pamoja na nauli yake, wala lisitosheke na umbali wa kilomita. Ofisa atakayelazimika kuandika kwamba Wete hadi Njombe ni siku mbili na zaidi hatalala kwa amani kama yule aliyeandika kilomita tu.

Pili, wenye boti, mabasi, treni na ndege wakutanishwe na mamlaka zao ili ratiba zishikane mikono. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na jambo hilo limefungua nafasi mpya. Kinachotakiwa sasa ni msafiri anayeshuka boti jioni apate usafiri wa uhakika kutoka bandarini hadi stendi, na tiketi moja imfikishe Makambako. Hili halihitaji mabilioni. Linahitaji meza moja, kalamu, na watu wenye nia.

Tatu, Makambako ipewe hadhi inayoistahili: kituo cha mizigo chenye maghala ya baridi ambapo lori la shambani litakutana na behewa, na mali ipimwe kwa kilo, ikaguliwe mara moja na kufungwa hadi Unguja. Maghala kama hayo yawepo pia bandarini, pande zote mbili za maji, kwani baridi iliyoanzia Makambako ikikatika Dar es Salaam ni kazi bure.

Nne, uwanja wa Njombe ujengwe kwa kipimo cha mwinuko wake na kwa vifaa vyote vya usalama, na usitangazwe kuwa tayari mpaka vifaa hivyo viwepo. Hadi siku hiyo, uwekwe utaratibu unaoeleweka wa kuwasafirisha wagonjwa wa dharura kwa ndege ndogo pale hali ya hewa inaporuhusu.

Kwa upande wetu, wananchi wa Visiwani tuna wajibu pia. Wafanyabiashara wetu wajiunge katika ushirika, wanunue kwa pamoja na kuagiza kwa pamoja, ili wawe na mzigo wa kujaza behewa. Treni haiwezi kusimama kwa ajili ya magunia matano ya mtu mmoja, lakini itasimama kwa ajili ya magunia elfu moja ya watu mia mbili.

Muungano wetu uliozaliwa tarehe 26 Aprili 1964 umeweka Unguja na Njombe chini ya bendera moja. Bendera hiyo humfikia mwananchi kwa njia ya barabara, reli, meli na ndege, na kila saa inayopunguzwa katika safari hiyo huwasogeza watu wake karibu. Kilomita 600 hazitapungua hata moja. Saa ndizo zinazoweza kupungua, na kazi hiyo imo mikononi mwetu.